Vyombo vikigongana, nani anaamua?

LILONGWE. Mfanyabiashara anayepakia mzigo Mbeya, akavuka daraja la Songwe na kupita Karonga na Mzuzu hadi Lilongwe au soko la kambi ya Dzaleka wilayani Dowa, husafiri na swali moja: ukizuka ubishi njiani, nani atausikiliza, lini, na je, naye atapewa nafasi ya kusema?

Swali hilo limefanyiwa kazi kwa miaka mingi na watu wasiofikiriwa sana mpakani: waamuzi wa mashindano ya kimataifa ya mashua za tanga. Katika mchezo huo hakuna refa mmoja anayeweza kuona kila kitu. Mashua hutawanyika kwenye eneo kubwa la maji, na kila nahodha amebeba jina la nchi yake. Hata hivyo jioni matokeo hutangazwa, na aliyeshindwa hurudi kesho yake kushindana tena.

Mambo mengi humalizwa majini na manahodha wenyewe. Kanuni za shirikisho la dunia la mchezo huo, World Sailing, hupitiwa upya kila baada ya miaka minne. Toleo linalotumika sasa ni la 2025 hadi 2028. Moja ya kanuni za msingi inasema kwamba mashua mbili zikikutana, inayopata upepo kwa upande wake wa kulia ina haki ya njia, na inayoupata kwa upande wa kushoto hupisha. Nahodha akijua amekosea, hujitenga na wenzake na kuizungusha mashua yake mara mbili mfululizo. Anapoteza muda na nafasi, lakini shauri limekwisha. Kanuni zinamtaka ajiadhibu hata kama hakuna mwamuzi aliyemwona.

Asipokiri, ndipo mlolongo wa malalamiko unapoanza. Anayelalamika hupaza sauti papo hapo akitaja kwamba anapinga, na kwenye mashua zenye urefu wa mita sita na zaidi hutweka pia bendera nyekundu mapema iwezekanavyo. Kisha akifika nchi kavu hujaza malalamiko kwa maandishi kabla ya muda uliowekwa kwisha. Kama waandaaji hawakutaja muda mwingine, muda huo ni saa mbili tangu mashua ya mwisho imalize.

Kazi ya kwanza ya jopo la waamuzi si kuuliza nani alimgonga nani. Kwanza linakagua kama malalamiko yamefuata utaratibu: je, sauti ilitolewa? Bendera ilitwekwa? Karatasi ililetwa kwa wakati? Pakikosekana sharti bila sababu inayokubalika, shauri hufungwa hapo hapo, hata kama mlalamikaji alikuwa na haki. Jambo hilo huwauma wageni wa mchezo, lakini lina sababu yake. Aliyearifiwa palepale ana nafasi ya kukumbuka yaliyotokea, kutafuta mashahidi wake, au kuamua kukiri.

Malalamiko yakipita mlango huo, pande zote mbili huitwa. Kila upande una haki ya kuwepo muda wote ushahidi unapotolewa na kumhoji shahidi wa upande wa pili. Mashahidi hukaa nje na kuingia mmoja mmoja, ili asiwepo anayeazima maneno ya mwenzake. Shauri likiwa la mashua kukutana majini, anayeuwakilisha upande wake lazima awe alikuwa ndani ya mashua wakati wa tukio. Mara nyingi mezani huwekwa vimashua vidogo vya mfano, na kila nahodha huvisogeza kuonyesha alikuwa wapi, upepo ulitoka wapi na boya lilikuwa umbali gani.

Baada ya hapo wahusika hutoka, na waamuzi hufuata hatua tatu: ukweli uliothibitishwa, kanuni inayouhusu, kisha uamuzi. Aliyeshindwa anaambiwa sababu, na anaweza kuomba apewe kwa maandishi.

Nguvu kubwa ya mfumo huu imo katika namna jopo linavyoundwa. Jopo la kimataifa huwa na waamuzi wasiopungua watano, wengi wao wakiwa wamethibitishwa na World Sailing yenyewe. Kwa kawaida hawazidi wawili kutoka nchi moja, isipokuwa katika baadhi ya maeneo ya dunia ambako huruhusiwa watatu. Jopo haliko chini ya waandaaji, na mwamuzi mwenye maslahi katika shauri hutakiwa kuyataja. Likiundwa kwa masharti hayo, uamuzi wake haukatiwi rufaa, ingawa lenyewe linaweza kulifungua upya shauri pakipatikana ushahidi mpya au likigundua limekosea.

Waamuzi pia huingia majini kwa boti zao, hasa kuwakamata wanaosukuma mashua kwa kupepea tanga au kuyumbisha mwili badala ya kutegemea upepo. Hapo hupulizwa filimbi, bendera ya njano huelekezwa kwa mkosaji, naye hutajwa kwa sauti. Mara ya kwanza hujiadhibu kwa mizunguko miwili. Mara ya pili huachana na mbio hizo.

Lakini jopo halikuwekwa kuadhibu tu. Mwaka 1988, katika michezo ya Olimpiki ya Seoul, mbio za mashua zilifanyika Pusan. Septemba 24 upepo ulichafuka. Lawrence Lemieux wa Canada alikuwa nafasi ya pili katika mbio zake alipowaona mabaharia wawili wa Singapore wakiwa hatarini baada ya mashua yao kupinduka. Aliacha njia yake, akawaokoa, akasubiri boti ya kuwachukua, kisha akaendelea huku wengi wakiwa wamempita. Jopo lilimrudishia nafasi ya pili aliyokuwa nayo alipogeuza mashua. Kanuni zinamlazimu kila baharia kumsaidia aliye hatarini, na zinaruhusu anayepoteza nafasi kwa sababu hiyo afidiwe.

Malawi si ngeni kwa matanga. Imewahi kuandaa mbio za zaidi ya kilomita 500 katika ziwa lake. Ziwa hilohilo, ambalo Watanzania huliita Nyasa, lina ubishi wake wa mpaka, na juhudi za usuluhishi chini ya marais wastaafu wa Afrika, wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, hazijaleta uamuzi wa mwisho. Msuluhishi hushauri, lakini hana mamlaka ya jopo.

Wafanyabiashara waliliona pengo hilo Aprili 2025. Malawi ilikuwa imezuia kuingizwa kwa baadhi ya mazao, na Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi. Siku chache baadaye Tanzania iliondoa zuio lake baada ya mazungumzo ya serikali. Aliyekuwa na lori barabarani hakuwa na meza ya kuwekea ushahidi wake, wala muda uliotajwa wa kusubiri jibu.

Njia iliyopo kwa mtu wa kawaida ni mfumo wa pamoja wa COMESA, EAC na SADC wa kupokea malalamiko ya vikwazo visivyo vya ushuru, kupitia tovuti ya tradebarriers.org. Haufanani na jopo la mashua, kwa kuwa malalamiko hupelekwa kwa nchi husika ili zitafute ufumbuzi. Lakini yanayompa nahodha nguvu yanamfaa pia mwenye mzigo: kutamka pingamizi palepale kwa heshima, kudai stakabadhi ya kila malipo, kuandika saa, kituo na sababu iliyotajwa, kumwomba dereva aliyeshuhudia aandike yake mwenyewe, na kuwasilisha yote kabla siku hazijapita.