VITUFE VYA LIFTI: NAMNA VINAVYOFANYA KAZI NA MATUMIZI YAKE SAHIHI

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wanaofika katika majengo yenye lifti, zikiwamo ofisi, hospitali na hoteli, hubonyeza vitufe vyake mara kwa mara. Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kinachotokea baada ya kidole kugusa kitufe. Kutofahamu huko husababisha lifti kusimama pasipo na abiria, wagonjwa na wazee kungojeshwa bila ya sababu, na wakati wa moto huweza kugharimu maisha. Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kuondosha upungufu huo.

Lifti katika Visiwa

Lifti si jambo geni katika Visiwa. Jengo la Beit-al-Ajaib, lililojengwa Forodhani mwaka 1883 katika utawala wa Sayyid Barghash, lilikuwa miongoni mwa majengo ya mwanzo Afrika ya Mashariki kuwekewa taa za umeme na lifti. Sehemu ya jengo hilo ilianguka tarehe 25 Disemba 2020.

Lifti nyingi za zama za kale ziliendeshwa na mtu maalumu aliyekaa ndani, akishika mkono wa swichi na kuisimamisha lifti usawa wa sakafu kwa uzoefu wake. Mnamo Septemba 1945 waendeshaji lifti wa mji wa New York, Marekani, waligoma, na shughuli katika majengo marefu ya mji huo zikavurugika. Katika miaka iliyofuata lifti za kujiendesha zilienea, na kazi ya mwendeshaji ikahamia kwenye kitufe.

Kitufe ni mjumbe

Kitufe hakiendeshi lifti. Kazi yake ni kupeleka ujumbe tu. Nyuma ya kifuniko kinachobonyezwa mna springi ndogo na vijibati viwili vya madini. Kifuniko kinaposukumwa, vijibati hivyo hugusana na umeme mdogo, ambao aghalabu ni wa volti 24, hupita. Kidole kinapoondoka, springi hurejesha kifuniko mahali pake na umeme hukatika. Umeme huo ni mdogo mno kuweza kuzungusha mota; unatosha tu kufikisha habari kwenye kabati la uongozi wa lifti.

Katika lifti za zamani kabati hilo hujaa rilei, yaani swichi zinazovutwa kwa sumaku ya umeme. Katika lifti za kisasa kazi hiyo hufanywa na kompyuta ndogo. Katika namna zote mbili, kabati huuhifadhi ujumbe uliopokewa na kuwasha taa ya kitufe. Kwa hivyo taa hiyo ni jawabu: inamwambia abiria kuwa ombi lake limesajiliwa. Kubonyeza tena na tena baada ya taa kuwaka hakuongezi kasi ya lifti hata kidogo, bali huchakaza springi na vijibati.

Vitufe vya nje: juu na chini

Kosa linalofanyika zaidi ni katika vitufe viwili vya mishale vilivyoko nje ya mlango. Mishale hiyo haioneshi mahali lifti ilipo, wala haiamrishi lifti ipande au ishuke kumfuata abiria. Inaonesha upande ambao abiria anataka kwenda. Aliyeko ghorofa ya tatu na anataka kwenda ya sita atabonyeza mshale wa juu, hata kama lifti iko ghorofa ya nane na italazimika kushuka ili kumchukua.

Sababu yake ni utaratibu wa kukusanya maombi. Lifti inapopanda, husimama katika kila ghorofa yenye ombi la kupanda, na huyapita maombi ya kushuka. Ikishamaliza maombi ya juu, hugeuka na kukusanya yale ya kushuka. Utaratibu huu huwaepusha abiria na safari za kwenda na kurudi kama shada la kiarabu katika upepo.

Mtu anayebonyeza mishale yote miwili akidhani atapata lifti upesi huleta hasara. Lifti ya kwanza ikishamchukua, ombi la pili hubakia. Baadaye lifti husimama hapo tena, mlango hufunguka, hakuna mtu, na waliomo ndani hupoteza wakati. Katika hospitali, miongoni mwa wanaocheleweshwa huweza kuwamo mgonjwa aliyelazwa juu ya kitanda cha magurudumu.

Vitufe vya ndani

Ndani ya lifti kila ghorofa ina kitufe chake. Katika majengo yanayofuata desturi ya Uingereza, sakafu ya chini huandikwa herufi G au tarakimu 0, na namba 1 ni ghorofa iliyo juu yake. Katika desturi ya Marekani sakafu ya chini yenyewe huweza kuandikwa 1. Wageni wasiojua tofauti hiyo wafahamishwe kwa upole.

Katika lifti nyingi pembeni mwa namba huwekwa nukta zilizoinuka. Hayo ni maandishi ya Braille kwa ajili ya watu wasioona, na yasibanduliwe wala kubandikwa matangazo juu yake.

Kitufe cha kufungua mlango hutumika kumzuilia mlango anayekuja, khasa mzee au mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Kitufe cha kufunga mlango hutofautiana baina ya lifti na lifti. Katika baadhi ya lifti hufupisha muda wa kungoja. Katika nyengine hakifanyi kazi kwa abiria wa kawaida, bali kwa mafundi na wazima moto pekee. Nchini Marekani, sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 ilifuatiwa na masharti ya mlango kubakia wazi kwa muda maalumu, na kitufe hicho hakiwezi kuufupisha muda huo.

Lifti haiondoki mpaka swichi za milango zihakikishe kuwa milango yote imefungika. Vilevile, uzito ukizidi kiwango, kengele hulia na lifti hukataa kuondoka. Hapo hakuna kitufe cha kusaidia. Aliyeingia mwisho ndiye atoke.

Umeme unapokatika

Unguja hupokea umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Mwaka 2008 umeme huo ulikosekana kwa takriban mwezi mmoja, na ulikosekana tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Ni muhimu basi kila mtu ajue la kufanya akikwama.

Breki ya lifti ya kamba hubanwa na springi, na huachiliwa kwa nguvu ya umeme. Umeme ukikatika, breki hujibana yenyewe na lifti husimama. Kwa hivyo aliyekwama asihofu kuwa lifti itaanguka. Abonyeze kitufe chenye alama ya kengele, atulie na angoje msaada. Asilazimishe mlango wala asijaribu kutoka kupitia nafasi iliyo baina ya sakafu mbili, kwani hatari kubwa ni kutumbukia katika shimo la lifti au lifti kuondoka ghafla umeme unaporejea.

Wakati wa moto

Tarehe 5 Agosti 1970 moto ulizuka katika jengo la One New York Plaza, mjini New York. Vitufe vya nje vya jengo hilo vilikuwa vya aina inayohisi joto la kidole. Joto la moto likafanya kazi ya kidole, na lifti ikaitwa mpaka ghorofa iliyokuwa ikiungua. Watu wawili waliokuwamo walipoteza maisha. Ndiyo maana kanuni ni moja: palipo na moto, itumike ngazi.

Utunzaji

Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na vitu hivyo hula vijibati vya vitufe. Wafagiaji watumie kitambaa kilichokamuliwa, wasimwage maji. Vitufe visibonyezwe kwa funguo, kalamu wala fimbo, na mlango usizuiliwe kwa kiti au ndoo. Kitufe kisichowaka taa au kilichonasa kiripotiwe mapema kwa msimamizi wa jengo ili fundi aitwe.

Wafanyakazi na wananchi wote wanaombwa kuyazingatia maelezo haya na kuwafahamisha wengine. Mwenye uwezo wa kupanda ngazi kwa ghorofa moja au mbili, ni vyema awaachie lifti wazee, wagonjwa, mama wajawazito na watu wenye ulemavu.