Moyo kwenda mbio si lazima uwe ugonjwa wa moyo: Jinsi ya kutambua dalili za wasiwasi na shambulio la hofu

Abiria ameketi ndani ya daladala asubuhi, akielekea kazini kama siku zote. Ghafla moyo unaanza kumdunda kwa nguvu. Kifua kinambana, pumzi inakuwa fupi, viganja vinatoka jasho, vidole vinakufa ganzi, na wazo moja tu linamtawala: anakufa. Anashuka kituo kinachofuata na kukimbilia hospitali. Vipimo vya moyo na shinikizo la damu vinaonesha kuwa yu salama, naye anarudi nyumbani bila kuelezwa kilichompata. Wiki mbili baadaye hali ileile inajirudia.

Hali ya namna hiyo huitwa shambulio la hofu. Si maigizo, si upungufu wa imani, wala si mwanzo wa wazimu. Ni tatizo la afya linalotambulika na lenye tiba. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani waliishi na maradhi ya wasiwasi, na kwamba ni takribani mmoja kati ya kila wanne wenye kuhitaji tiba anayeipata. Sababu mojawapo ya pengo hilo ni kwamba wengi hawajui kuwa wanachougua kina jina na kinatibika.

Wasiwasi wa kawaida na wasiwasi ulio maradhi

Wasiwasi wenyewe si ugonjwa. Mwanafunzi huwa nao mtihani unapokaribia, mkulima mvua zinapochelewa, na mzazi mtoto anapopata homa. Wasiwasi huo humfanya mtu ajiandae na kuchukua tahadhari, kisha hutoweka jambo lenyewe linapopita.

Huwa maradhi pale unapozidi kiasi cha jambo lililousababisha, unapodumu hata baada ya jambo hilo kwisha, na unapomzuia mtu kufanya kazi, kusoma au kuishi vema na wenzake. Dalili zake ni kukosa utulivu, kuchoka upesi, kushindwa kuzingatia jambo, kukasirika kwa mambo madogo, misuli kukaza, hasa ya shingo na mabega, na kukosa usingizi. Dalili hizo zikimwandama mtu siku nyingi kwa muda wa miezi sita au zaidi, anapaswa kuonana na mtaalamu wa afya.

Dalili za shambulio la hofu

Wasiwasi hujikusanya polepole, lakini shambulio la hofu huja kwa kishindo. Hufikia kilele ndani ya dakika chache, aghalabu zisizozidi 10, kisha hupungua lenyewe. Laweza kumkuta mtu akiwa katika msongamano, akiwa ametulia nyumbani, au hata kumwamsha usingizini.

Dalili zake ni moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka, kukosa pumzi, kuhisi kukabwa koo, maumivu ya kifua, kichefuchefu, kizunguzungu, kuhisi baridi au joto la ghafla, na ganzi ya vidole au midomo. Mtu aweza pia kujihisi kama yuko nje ya mwili wake, kuogopa kurukwa na akili au kuogopa kufa. Wataalamu hulitambua kuwa shambulio la hofu pale dalili nne au zaidi kati ya hizo zinapojitokeza kwa pamoja.

Kinachotokea mwilini

Ubongo unapohisi hatari huamuru mwili utoe homoni ya adrenalini. Moyo huongeza kasi ili kupeleka damu kwenye misuli, na pumzi huharakishwa, kana kwamba mtu amekutana na simba njiani. Katika shambulio la hofu, king'ora hicho hulia pasipo simba.

Kupumua kwa kasi hupunguza mno hewa ya kabonidayoksaidi katika damu, na hilo ndilo huleta kizunguzungu na ganzi. Mtu akizitafsiri dalili hizo kuwa ni kifo kinabisha hodi, hofu huongezeka, adrenalini huzidi, na dalili huwa kali zaidi.

Kuiogopa hofu yenyewe

Kupatwa na shambulio moja hakumaanishi kuwa mtu ana maradhi. Tatizo huwa kubwa pale mashambulio yanapojirudia na mtu akaanza kuishi kwa kuogopa lijalo. Huacha kupanda daladala, kisha huacha kwenda sokoni, msibani na kwenye nyumba ya ibada. Wengine hutafuta nafuu katika pombe, ambayo hutuliza kwa saa chache na kuuzidisha wasiwasi inapoisha mwilini.

Tahadhari kuhusu moyo

Maumivu ya kifua yanayojitokeza kwa mara ya kwanza hayapaswi kuitwa hofu kabla ya kupimwa. Maumivu yanayokandamiza kifua, yanayosambaa hadi mkononi, mgongoni au kwenye taya, yanayoanza wakati wa kazi nzito au yasiyopungua baada ya dakika kadhaa, yanahitaji hospitali mara moja, hasa kwa mwenye kisukari, shinikizo la damu au anayevuta sigara. Upungufu wa damu, pumu, kushuka kwa sukari na matatizo ya tezi ya shingo pia vyaweza kuleta dalili zinazofanana na za hofu. Kahawa nyingi na mirungi nazo huharakisha mapigo ya moyo.

Msaada na tiba

Anayemhudumia mtu aliyepatwa na shambulio la hofu azungumze naye kwa sauti ya upole, awaondoe watu waliomzonga, na amwongoze kuvuta pumzi taratibu kwa puani na kuitoa taratibu zaidi kwa mdomo. Asimfunike uso kwa mfuko, wala asimkaripie kwa kumwambia kuwa hana kitu.

Tiba ipo ya aina mbili, na huweza kutolewa pamoja. Ya kwanza ni ya mazungumzo, ambapo mgonjwa hufundishwa kuzitafsiri upya dalili zake na kuyarudia hatua kwa hatua mambo aliyoyakimbia. Ya pili ni dawa zinazotolewa na daktari, ambazo huchukua wiki kadhaa kuonesha matokeo na hazipaswi kuachwa ghafla. Dawa za kutuliza zinazonunuliwa kiholela zina hatari ya kumfanya mtu awe tegemezi kwazo.

Safari ya tiba yaweza kuanzia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mgonjwa aeleze dalili zote, ikiwa ni pamoja na hofu aliyoisikia, badala ya kutaja kifua pekee. Kwa abiria yule wa daladala, maelezo hayo ndiyo yangemwezesha mhudumu kutambua kilichompata tangu siku ya kwanza, na pengine shambulio la pili lingemkuta akijua kuwa litapita, naye asingelazimika kushuka njiani.