Tanzia si tangazo la kifo: tuyaelewe maneno ya tamthilia

Mwezi huu ni zamu yangu kuandika ukurasa wa masomo, na nianze na jambo lililonikuta juzijuzi.

Mama mmoja wa zoni yetu alinijia asubuhi kabla sijafungua darasa, binti yake yuko nyuma yake. Mama hakulala usiku kucha. Alimsikia binti amekaa na kibatari anarudia neno moja: tanzia, tanzia, tanzia. Yeye neno hilo analijua la redioni tu, pale wanapotangaza waliofariki. Akadhani kuna habari imetoka kwetu na mtoto anamficha. "Mwalimu, niambie tu, ni nani amekufa?" Kumbe binti alikuwa anakariri kwa ajili ya jaribio langu!

Niliona aibu kweli. Maneno haya nayaandika ubaoni, wanafunzi wananakili, wanakariri, basi. Ukimwambia mmoja, "Haya, nionyeshe kinaya kiko wapi kitabuni," anaangalia chini. Kwa hiyo leo nayaeleza hapa ili hata mzazi ambaye hakusoma aweze kumuuliza mtoto maswali. Nitatumia kitabu kimoja, Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, kilichotoka mwaka 1969, maana ndicho tunachosoma jioni. Tuna nakala mbili kwa darasa zima, na moja haina jalada.

Hadithi yenyewe ni hivi. Mwaka 1905 watu wa kusini mwa Tanzania ya leo walikuwa wamechoka kulimishwa pamba kwa nguvu na Wajerumani. Kinjeketile akaleta maji, ikaaminika kwamba atakayeyapata risasi hazitamdhuru. Makabila yaliyokuwa hayaaminiani yakaungana. Vita hivyo vya Maji Maji viliendelea mpaka 1907, na watu wengi mno walikufa, kwa risasi na zaidi kwa njaa. Kinjeketile wa kwenye historia alinyongwa mapema tu, Agosti 1905. Hussein aliichukua historia hiyo akaifanya tamthilia, yaani hadithi iliyoandikwa ili iigizwe mbele ya watu.

Tamthilia haina mtu wa kukusimulia kama bibi anavyosimulia jioni. Unapewa maneno ya wahusika tu. Ndiyo maana kuna maelekezo ya jukwaani, yale maneno ya kwenye mabano: fulani anaingia, fulani ananyamaza, fulani anatoka. Wanafunzi wangu wanayaruka! Halafu wanashangaa mtu anaongea na nani wakati mwenzake alishatoka zamani. Mhusika akibaki peke yake akasema yaliyo moyoni, huo ni uzungumzi nafsi. Na taharuki ni ile hali ya kutaka kujua kitakachofuata. Hiyo sina haja ya kuieleza kwa mtu aliyewahi kusimama mbele ya ubao akitafuta jina lake kwenye orodha.

Mgogoro ni mvutano. Hapa karibu wote wananiandikia "Waafrika na Wajerumani," wanaweka nukta. Sawa, upo huo. Lakini upo pia kati ya makabila yenyewe, na upo mwingine ndani ya Kinjeketile. Yeye ndiye aliyelitoa neno la maji, sasa neno limekuwa kubwa kuliko yeye, watu wanataka vita haraka, naye ameanza kuwa na mashaka. Kwa maoni yangu huo wa moyoni ndio unaoibeba tamthilia nzima, na atakayeniandikia huo nitampa alama zote.

Kinaya kinawasumbua zaidi. Tuseme ni siku ya mgao. Mafuta yameisha, mstari mzima unajua. Mara jirani anakuja anaimba, kidumu mkononi, anasema leo atawakaangia watoto mandazi. Hakuna anayethubutu kumwambia. Maneno yake ni ya furaha, ila ninyi mnaosikia roho zinawauma, kwa sababu mnajua asilolijua. Ndivyo ilivyo kwa wapiganaji wanaoshangilia yale maji. Sisi wasomaji tunajua risasi haigeuki maji. Wao hawajui.

Sasa tanzia. Yule mama aliniuliza, "Kwa hiyo mtu akifa, ni tanzia?" Nikamwambia hapana, mama. Mtu anaweza kufa kwenye mchezo wa kuchekesha, nao ukabaki wa kuchekesha. Tanzia ni pale mtu wa maana anapoanguka, na njia ya kuanguka kwake inapita kwenye mambo aliyoyaamua mwenyewe. Mwishoni Kinjeketile yuko gerezani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anaona akisema hivyo, watakaozaliwa kesho wataambiwa kwamba hata kuupigania uhuru lilikuwa kosa.

Mama alifikiri kidogo. "Angesema tu uongo, arudi kwa mke wake," akasema.

"Asingeweza, mama!" binti akadakia. "Na wale waliokufa?"

Wakabishana hapohapo mlangoni, mmoja anashika hili, mwingine lile, mpaka kengele ikagongwa na wanafunzi wote wakawa wamejaa nje wanasikiliza. Darasa nililifungua nimechelewa. Jaribio nimelisogeza hadi Ijumaa.