Dawa ya Kichefuchefu na Tumbo Zito: Itumie kwa Uangalifu

Leo tunazungumza nawe mama, nawe pia uliyeachiwa mtoto au mgonjwa umtunze, kuhusu tembe ndogo ambayo watu hupeana kama peremende. Jina lake ni metoklopramaidi. Kwenye pakiti utaona pameandikwa Metoclopramide, na wengi wetu tumezoea kuiita Plasil, hata kama iliyomo mkononi ni ya kampuni nyingine.

Daktari humwandikia mtu anayetapika, anayesikia kichefuchefu, au ambaye chakula kimemkaa tumboni kama jiwe. Dawa hii hufanya kazi kwa njia mbili. Kwanza, hulihimiza tumbo lisukume chakula kwenda chini badala ya kukirudisha juu. Pili, huingia kwenye ubongo na kutuliza sehemu inayotoa amri ya kutapika. Shika sana hilo la pili. Ubongo huohuo ndio unaoongoza misuli ya shingo, macho na ulimi, na dawa ikizidi, au ikimkuta mtu ambaye mwili wake hauivumilii, amri hizo huvurugika.

Basi hutokea hivi. Mtoto au msichana alipewa dawa jana, au leo asubuhi. Ghafla shingo inapinda upande mmoja, macho yanaelekea juu na kubaki huko, taya linakaza, ulimi unatoka nje, na maneno hayatamkiki. Lakini fahamu anazo: anakusikia, anakutambua, na analia kwa hofu. Nyumba nzima inaingiwa na wasiwasi. Mmoja anasema ni kifafa, mwingine anasema ni pepo punda, na hapakosi wa kusema mtoto ameingiwa na mashetani, apelekwe kwa mganga au akaombewe. Saa zinapita mtoto akiteseka, na kumbe kilichomkaza ni ile dawa iliyo juu ya kabati.

Mama, ukiona hivyo baada ya dawa hii, usimpe hata tone jingine. Mpeleke hospitali mara moja, nawe ubebe pakiti au chupa yenyewe. Usimtie kijiko kinywani, wala usijaribu kuinyosha shingo kwa nguvu. Mweleze daktari alimeza nini, kiasi gani na saa ngapi, kwa sababu asipojua habari ya dawa naye anaweza kuanza kutafuta ugonjwa mwingine. Ipo dawa ya kuondoa hali hiyo, na akishadungwa, mara nyingi misuli hulegea baada ya muda mfupi. Kwa kawaida shida hii huja katika siku moja au mbili za kwanza, na hata tembe moja yaweza kuileta. Watoto na vijana ndio hupatwa zaidi, hasa wasichana. Aliyepatwa nayo mara moja asipewe tena dawa hii maishani. Omba muuguzi aandike hivyo katika kijitabu chake cha kliniki, maana wewe huenda usiwepo siku nyingine akitibiwa.

Kwa sababu ya madhara hayo, mwaka wa 2013 shirika linalosimamia dawa katika Umoja wa Ulaya lilisema mtoto aliye chini ya mwaka 1 asipewe dawa hii kabisa. Wa mwaka 1 hadi 18 apewe tu pale dawa nyingine zinaposhindwa, kwa kutapika kunakoletwa na matibabu ya saratani au kunakofuata upasuaji. Mtoto wako anayetapika na kuhara hayumo katika hesabu hiyo.

Utauliza, basi nimpe nini? Mpe maji ya ORS. Koroga pakiti katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, si kwa kukisia, kisha umnyweshe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kwa kuhara, kituo cha afya kitakupa pia tembe za zinki za siku 10 hadi 14, na umalize zote hata tumbo likishatulia. Lakini mtoto anayetapika kila kitu, mwenye homa, aliyelegea, au asiyekojoa, huyo ni wa hospitali sasa hivi. Malaria na homa ya uti wa mgongo huja na kutapika, na ukikuzuia nyumbani kwa tembe, ugonjwa wenyewe unazidi kukua ndani.

Kwa mtu mzima aliyeandikiwa, kipimo cha kawaida ni tembe moja ya miligramu 10, isizidi mara 3 kwa siku, na siku zisizidi 5. Kati ya tembe na tembe zipite angalau saa 6. Hata ukiitapika, usimeze nyingine kabla ya saa hizo kwisha. Hapo ndipo wengi hujizidishia. Dawa hii huleta usingizi, kwa hiyo usiendeshe pikipiki, na pombe iache kando. Mwambie daktari kama una kifafa, unatetemeka mikono, una ugonjwa wa figo au ini, unatumia dawa za akili, au umewahi kutapika damu au kwenda choo cheusi kama lami.

Na kiungulia cha kila siku? Hicho si cha Plasil. Mwaka wa 2009 Marekani ilitoa onyo kwamba kuitumia zaidi ya miezi 3 kunaweza kuleta kutafunatafuna na kukunjakunja uso kusikozuilika, na kwa wengine hali hiyo haiondoki hata wakiacha dawa. Nenda upimwe. Huenda ni vidonda vya tumbo, au ni zile tembe za maumivu ya mgongo unazonunua kila wiki.

Mja mzito anaweza kuandikiwa dawa hii kichefuchefu kikimzidi, lakini aandikiwe yeye, asikope kwa jirani. Wapo pia akina mama wanaoimeza baada ya kujifungua ili maziwa yaongezeke. Dawa hupita katika maziwa ikamfikia mtoto, na mama mwenyewe inaweza kumtia huzuni nzito wakati ambao tayari amechoka. Maziwa yakiwa machache, mnyonyeshe mtoto mara nyingi zaidi, usiku na mchana, na umwombe muuguzi aangalie jinsi anavyoshika titi.