Ngozi unayo, lakini unashona na uzi gani?

Wandugu, wengi wetu tuko na diplome kabatini na mikono haina kazi. Mimi niko na lisansi ya agronomia, na nashona ngozi kwa mkono hapa Komanda: mishipi, pochi, sakoshi, viatu vya wanafunzi. Wenye wanataka kuanza wananiuliza bei ya ngozi. Mimi nawaambia waanze na uzi, juu mshono njo unaachia wa kwanza.

Barabara za Bunia, Beni na Mambasa zinakutana hapa kwetu. Jua likiwaka ni vumbi, mvua ikinyesha ni matope. Uzi lazima uvumilie vyote.

Uzi wa pamba, ule wa kushonea nguo, unatoka kwa mmea. Kitu cha mmea kikilowa kila siku, kuvu na bakteria wanakila. Ndani ya kiatu kuna maji na jasho, njo maana mshono wa pamba unaoza mbele ya ngozi. Nailoni iko na nguvu na inavutika, inafaa kwa kiatu chenye kinakunjwa kila hatua. Lakini jua kali linaichosha. Poliesta haivutiki sana, haiozi, na inavumilia jua kuliko nailoni. Kwa mshipi na sakoshi mimi nachukua hiyo.

Sokoni usiamini jina tu. Kata kipande kidogo, kiwashe na kibiriti. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Nailoni na poliesta zinayeyuka, zikipoa zinaacha kidonge kigumu.

Kisha angalia unene. Pochi ya ngozi nyembamba inatosheka na milimita 0,6. Mshipi na kiatu vinaomba 0,8 mpaka 1. Uzi mwembamba wenye nguvu sana, ukiukaza, unakata ngozi kama waya kwenye sabuni. Uzi ukikatika unashona tena, ngozi ikipasuka hakuna dawa.

Shona na sindano mbili kwenye uzi mmoja, zote zipite tundu moja, kila moja kutoka upande wake. Hapo uzi ukikatika sehemu moja, ule mwingine unashikilia. Kata uzi mara nne ya urefu wa mshono: sentimita 25 zinaomba metre moja, na ngozi nene inaomba zaidi. Kama uzi hauna nta, upitishe kwenye nta ya nyuki: unapita vizuri, haulegei haraka, na maji yanachelewa kuingia.

Mwanafunzi mwenye jozi moja ya viatu, mshono ukiachia njiani, anafika shuleni mguu wazi ao harudi kabisa. Na kwako pia harudi. Uzi ni sehemu ndogo ya bei ya kazi, lakini njo unabeba jina la fundi. Mbele ya kununua, jiulize: hii kitu itaishi kwenye maji, kwenye jua, ao kwenye kukunjwa?