Kuchagua Ufuko kwa Familia ya Nyanda za Juu Yenye Mtoto Mdogo

Likizo ya Juni inapokaribia na baridi ya Njombe inapokolea, baadhi ya familia za Yakobi hupanga kwenda kupumzika ufukweni. Mara nyingi hulinganisha nauli, bei ya vyumba na uzuri wa mchanga. Familia yenye mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu inapaswa kutanguliza swali jingine: je, mtoto aliyezaliwa na kulelewa kwenye baridi atakabiliana vipi na mbu, maji na joto la huko aendako?

Yakobi iko katika nyanda zilizoinuka zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, vimelea vya malaria huchelewa mno kukomaa ndani ya mbu, na mbu huyo aghalabu hufa kabla hajaweza kuambukiza mtu. Ndiyo sababu mkoa wa Njombe umekuwa miongoni mwa mikoa ambayo chini ya asilimia 1 ya watoto wa umri wa chini ya miaka mitano hukutwa na malaria katika tafiti za kitaifa. Neema hiyo ina upande wake wa pili. Mtu aliyekulia penye malaria hujijengea kinga kiasi kadiri anavyoambukizwa mara kwa mara. Mtoto wa Yakobi hana kinga hiyo, na mara nyingi wazazi wake pia hawana. Akiambukizwa, ugonjwa unaweza kuwa mkali ndani ya saa 24.

Ufuko wa karibu ni wa Ziwa Nyasa: Lupingu na Manda wilayani Ludewa, au Matema wilayani Kyela. Lupingu na Manda zimo ndani ya mkoa wa Njombe, lakini mzazi asidanganywe na wastani wa mkoa. Uso wa ziwa uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Huko ni joto na mbu wa malaria wapo. Aidha, maji yasiyo ya chumvi yana hatari zake. Konokono wanaoeneza kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, na mamba huonekana mahali mito inapoingia ziwani. Mtoto achezee mchanga mkavu, na kuoga kwake kuwe kwa maji ya bomba au yaliyochemshwa.

Bahari ya Hindi iko mbali zaidi. Kutoka Njombe hadi Dar es Salaam kwa barabara ni takriban kilomita 700, mwendo wa kutwa nzima unaomchosha mtoto. Faida yake ni kwamba kichocho hakiambukizwi katika maji ya chumvi. Kwa upande wa malaria, pwani haifanani kote. Mikoa ya Lindi na Mtwara ina maambukizi mengi, ilhali Zanzibar, kwa msaada wa vyandarua, upuliziaji dawa na upimaji, imepunguza malaria kwa kiwango kikubwa tangu miaka ya 2000. Kupungua si kwisha, na msafiri wa Zanzibar huenda akalala Dar es Salaam akisubiri boti. Chandarua kitandikwe kila usiku wa safari, popote familia inapolala.

Jambo ambalo mgeni kutoka bara huenda asilijue ni kupwa na kujaa kwa maji. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazokaribiana na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huko Unguja inaweza kufikia mita 4 hivi. Pwani ya mashariki, kama Paje na Jambiani, bahari hurudi nyuma mbali sana na kuacha vidimbwi, miamba na viumbe wenye miiba inayochoma nyayo. Kisha maji hurudi. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali kiasi hicho. Popote iwapo, familia iwaulize wavuvi saa za maji kabla ya kumshusha mtoto.

Mtoto mdogo huzama kimya kimya, kwa dakika chache, hata katika maji yasiyofika kiunoni mwake. Mtu mzima mmoja, aliyetajwa kwa jina na asiye na simu mkononi, akae naye umbali wa kumfikia kwa mkono. Boya la kuchezea halichukui nafasi ya mtu huyo.

Nyumba ya kufikia ipimwe kwa mambo matatu: wavu wa kuzuia mbu madirishani, maji salama ya kunywa, na kituo cha afya kilicho karibu chenye kipimo cha haraka cha malaria na dawa mseto. Katika mkoba wa familia ziwemo vyandarua vyenye dawa, nguo za mikono mirefu za jioni, kofia, na vipakiti vya ORS vya kutumia iwapo mtoto ataharisha. Kliniki iulizwe mapema kuhusu dawa za kujikinga na malaria zinazofaa kwa uzito wa mtoto. Doksisaiklini haitumiki kwa kinga hiyo kwa mtoto wa chini ya miaka 8. Mama mjamzito naye apate ushauri kabla ya kuondoka, kwa kuwa malaria humdhuru yeye na mimba.

Hatari kubwa huweza kujitokeza familia ikiwa imekwisha kurudi nyumbani. Kwa kawaida dalili huanza siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine huchelewa zaidi. Mtoto aliyeumwa na mbu Matema au Bagamoyo ataanza kuchemka akiwa Yakobi, katika msimu ambao homa na kikohozi huhesabiwa kuwa mafua au nimonia. Kwa hiyo mhudumu wa afya amuulize kila mlezi wa mtoto mwenye homa: katika miezi 3 iliyopita mmelala wapi? Jibu likitaja ziwa au pwani, mtoto apimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama kifua chake kinakoroma. Mzazi naye asisubiri kuulizwa. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, apelekwe hospitali mara moja, na sentensi ya kwanza mapokezi iwe kwamba mtoto ametoka safari.