Je, Wajua? Raha Ndogo Ndogo ni Sehemu ya Tiba ya Sonona

Je, wajua kuwa sonona humnyang'anya mtu hata ladha ya vitu alivyovipenda? Mwaka 1896 mwanasaikolojia Mfaransa, Théodule Ribot, aliipa hali hiyo jina la kitaalamu: anhedonia. Si uvivu wala utovu wa shukrani. Ni dalili ya ugonjwa.

Katika miaka ya 1970, Peter Lewinsohn wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, alieleza kuwa kadiri mgonjwa anavyoacha shughuli zinazompa raha, ndivyo huzuni inavyozidi. Yeye na Douglas MacPhillamy wakaandaa orodha ya mambo 320 ya kupendeza.

Tiba iliyotokana na kazi hiyo huanza na tendo, haisubiri hamu. Mgonjwa hupanga jambo dogo kwa saa maalumu: kuota jua la asubuhi, kumwagilia mchicha, kunywa chai ya tangawizi na rafiki. Hulifanya hata moyo ukiwa mzito, kisha huandika limempa raha kiasi gani. Hamu hurejea taratibu.

Mwaka 2016, utafiti wa watu 440 nchini Uingereza ulionyesha kuwa tiba hii, ikitolewa na wahudumu wa ngazi ya chini, haikupitwa na tiba ya mazungumzo ya wataalamu.

Ndugu yako akiwa na sonona, usimwambie ajikaze. Mwalike mtembee hadi dukani. Huzuni ikizidi wiki mbili, mpeleke kituo cha afya. Akitaja kujiua, mpeleke leo hii.